Kahawa Iliyonifanya Mlevi Kule Subukia

Mcheke, mninunie, mniite majina, mimi leo nasema, kwa sababu naona habari yangu imezunguka mtaa wetu wote wa Rhonda hapa Nakuru kabla yangu na vile inasemwa si vile ilikuwa. Ati Mama Dennis alienda kwa wakwe akiwa amelewa. Mimi! Mimi ambaye sijawahi kuweka pombe mdomoni tangu nizaliwe, na hata ile divai ya meza ya Bwana kanisani kwetu ni juisi tu, sasa nililewa nini? Aibu niliipata, sikatai, niliipata ya kutosha ukoo mzima na ikabaki ya majirani. Lakini wacheni niwaambie ilivyoanza, halafu mtaniambia wenyewe ni nani alifaa kuaibika siku hiyo.

Ilianza na maumivu upande wa kulia, hapa chini ya mbavu, kitu kizito kizito hivi, si kukata, si kuchoma, ni kukaa tu hapo kama mgeni amekataa kwenda. Kazi yangu mnaijua, mimi ni mtu wa chipsi, kutoka asubuhi niko kwa karai la mafuta hapo barabarani, na mtu wa chipsi hakuli chakula kingine (utaacha zako uende kununua sukumawiki ya nani?), kwa hivyo unaonja hapa kama zimeiva, unamalizia pale zilizobaki, unateremsha na soda, saa nne chai na mandazi, jioni chai tena, na sukari si ya kunyunyiza, ni ya kijiko kusimama. Nikanenepa, na watu wakanisifu, wakasema biashara inalipa.

Nikaenda kliniki na Mama Shiru, huyu wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu. Nikapakwa yale mafuta baridi ya skani, nikageuzwa huku na huku, halafu daktari, msichana mdogo tu wa miwani, akaniuliza, "Mama, unakunywa?"

"Nakunywa chai," nikamwambia.

"Pombe, mama."

Niliskia damu ikipanda mpaka masikioni. Nikamuuliza kama mimi nafanana na mlevi, kama kuna mahali ameniona nimelala kwa mtaro, na yeye akaniomba msamaha na kuniambia anauliza kila mtu. Akanieleza taratibu kwamba ini langu limeshika mafuta, na si lazima iwe pombe, hii yangu imetokana na chakula: sukari, soda, vitu vya kukaanga, na kukaa kitako siku nzima. Nipunguze hizo, nitembee, uzito ushuke pole pole, na ini linaweza kurudi sawa. Nikiwa nimeshashika mkoba nimekasirika, nikamuuliza kama hata kahawa nimenyimwa.

"Kahawa haina shida, bora isiwe na sukari," akasema. "Hata inaonekana inasaidia ini kidogo. Lakini si dawa, mama. Usiende kula vile ulikuwa unakula halafu uweke kahawa juu."

Sasa nani anaweza kuniambia mimi nilitoka na nini kwa hayo maneno yote? Nilitoka na kahawa. Hiyo ingine yote niliiacha hapo kwa kitanda cha skani.

Na huko nje kabla hatujafika kwa barabara nikamwapisha Mama Shiru asimwambie mtu. Kwa sababu kwetu hapa ukisema mtu ana ini umemmaliza. Hakuna mtu anauliza ini gani. Matangani wakisoma ati marehemu amesumbuliwa na ini kwa muda, watu wanaangaliana, mmoja anakohoa, na yule ambaye hakuwa anajua anaambiwa kwa sikio kwamba ilikuwa chupa. Nimeona mama wa watu amezikwa na hiyo minong'ono na hakuwahi kuingia baa hata kuomba chenji. Hiyo kitu inanikasirisha mpaka leo, na bado sijafika kwangu.

Basi nikaanza kahawa. Nilikuwa naichemsha mpaka inakuwa nyeusi kama lami, bila sukari, bila maziwa, chungu hata sura inakunjamana, na nikimaliza kikombe najiambia ini limeoshwa, halafu nanyoosha mkono nachukua mandazi. (Ndiyo. Chekeni tu.)

Hapo ndipo Dennis akaja na habari ya Faith. Dennis ni kijana wangu wa pekee, na tangu baba yake atuache alikuwa mtu wa kunyamaza, anaingia, anakula, analala. Huyo msichana ndiye alimfanya nianze kumskia akicheka na simu huko chumbani. Kwao ni Subukia, watu wa shamba, viazi na ng'ombe wa maziwa, na baba yake Mzee Karanja ni mzee wa kanisa. Mzuri sana, lakini kwa jambo la pombe hana mchezo, na nitasema haki yake: ndugu yake aliuawa na pombe, alipatikana asubuhi kwa mtaro karibu na lango lao wenyewe. Tangu siku hiyo mzee aliapa hakuna msichana wake ataolewa kwa boma la walevi. Kuna watu walikuja kumposa dada mkubwa wa Faith, mjomba wa kijana akaingia akinuka bia, na mzee akawasindikiza mpaka barabarani pamoja na mbuzi wao. Hiyo ndoa iliishia hapo.

"Mathe," Dennis akaniambia, "nakuomba kitu kimoja. Siku hiyo usigombane na mtu."

Nikamwambia mimi lini nimegombana na mtu.

Siku ya kwenda ikafika. Sikula asubuhi kwa sababu ya wasiwasi, nikanywa tu kahawa, ingine, na ingine tena ya kunipa nguvu, na kwa sababu nilijua kule kutakuwa na chai tu, nikajaza ingine kwa ile chupa ya chuma ya kubebea uji, nikaiweka kwa mkoba chini ya leso. Tulienda kwa gari la jirani, mimi, Dennis, Mama Shiru na wazee wawili wa ukoo wetu.

Tukapokelewa vizuri, hata siwezi kudanganya. Sebule imepambwa vitambaa vyeupe, nduma kwa sinia, mandazi moto, na Mama Faith, mwanamke mpole wa sauti ya chini, anazunguka na birika kubwa. Na mnajua mambo yetu, hakuna neno linaongelewa kabla ya chai, na chai ya mtu haikataliwi, ukikataa chai umekataa boma. Na hiyo chai ilikuwa imepikwa na sukari ndani ya sufuria, niliinusa tu nikajua.

Sasa hapo. Hapo ndipo nilijikaanga mwenyewe. Ningesema tu, "Mama Faith, mimi siku hizi situmii sukari," angenitengenezea ingine na mambo yangeishia hapo. Lakini akili yangu ikakimbia mbele: nikisema situmii sukari wataniuliza ni kisukari, nikisema si kisukari wataniuliza basi ni nini, na mimi kudanganya nikiulizwa uso kwa uso sijui. Kwa hivyo nikadanganya kabla sijaulizwa. Nikafunika kikombe na mkono, nikainamisha kichwa, nikasema, "Asante mama, lakini mimi nimefunga. Niko kwa maombi ya hawa watoto."

Wamama wote wa ile nyumba wakasema Bwana asifiwe. Mzee Karanja akaniangalia na heshima mpya kabisa, akawaambia watu wake, "Mnaona mzazi?" Mimi nikajiona mjanja sana.

Ujanja haukuchukua muda. Mazungumzo yakawa ya viazi, halafu ya mvua, halafu ya bei ya maziwa, kichwa kikaanza kunigonga, na ile kahawa kwa mkoba ni kama ilikuwa inaniita jina. Nikauliza choo ni wapi. Nikatoka, nikapita choo, nikaenda nyuma ya lile tangi kubwa la maji karibu na zizi, nikafungua chupa, nikarudisha kichwa nyuma nikavuta, na sikuvuta kidogo.

"Mathe, maombi yanaendeleaje?"

Nilikabwa. Kahawa ikatoka kwa pua, ikanimwagikia kifuani kwa ile blauzi ya rangi ya maziwa. Alikuwa mjomba wa Faith, Ndung'u, ndugu ya mama yake, ametoka nje kupiga simu, amesimama hapo na simu mkononi akiniangalia kutoka juu hadi chini. Nikaficha chupa nyuma ya rinda na kumwambia ni maji. Maji! Na hapa kidevuni linadondoka tone jeusi.

Nikarudi ndani nimefunika kifua na mkoba. Na sasa kahawa yote ile, bila chakula tumboni, ikaamua kunionyesha. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanishuka hapa kwa mashavu, moyo unapiga mpaka naskia kwa meno, na ndio wakati wazee wananiambia nisimame nitambulishe watu wetu. Nilisimama. Niliongea mbio hata mwenyewe sikuelewa ninachosema, wazee nikawabadilisha majina, na Mama Shiru nikamtambulisha ati ndiye mume wangu. Watu wakacheka kidogo, halafu wakaacha kucheka. Niliona Ndung'u ameinama kwa sikio la Mzee Karanja. Nikamwona mzee akiweka kikombe chini.

"Mama Dennis," akasema, pole pole, sauti ya kanisani. "Kwa heshima. Kwa huo mkoba mna nini?"

Mimi sijui ningejibu nini, pengine ningesema ukweli, Mungu ndiye anajua, lakini sikupata nafasi, kwa sababu Mama Shiru aliruka kunitetea. Alisimama na mikono juu. "Hapana mzee! Hapana! Mama Dennis hawezi kunywa, hata angetaka hawezi, si daktari alimkataza na vile ini yake iko!"

Niliskia ng'ombe akitafuna huko nje. Nilimwona Dennis ameweka uso kwa viganja, na Faith, mlangoni na sinia ya mandazi, macho yamejaa machozi tayari. Mzee wetu mmoja, ambaye najua yeye huonekana kwa vibanda vya pombe vya Salgaa mwisho wa mwezi na hajaenda huko kununua viazi, akatikisa kichwa kwa huzuni na kusogeza kiti mbali na changu. Huyo! Wacha hasira inipande. Nilisimama, nikatoa chupa kwa mkoba nikaigongesha mezani katikati ya nduma zao, nikasema, "Ni kahawa! Njooni mnuse! Mninuse hata mimi! Si mnataka kujua? Njooni!"

Nilidhani wataona haya. Nilidhani mtu atasema, keti mama, tumekuamini. Hakuna aliyesema. Mzee Karanja akageuka kwa kona, akasema, "Mama, tusaidie."

Na shosho, mama yake mzee, akainuka na fimbo yake. Mama wa huyo aliyepatikana kwa mtaro. Alivuka ile sebule hatua kwa hatua, watu wanasogeza miguu, akanisimamia, akanishika kidevu, na mimi, mwanamke mzima, mwenye nyumba yake, mwenye biashara yake, nikafungua mdomo mbele ya wakwe zangu na shosho akaingiza pua.

Alinusa bila haraka. Akafunga macho akanusa tena.

"Hakuna pombe hapa," akasema. "Ni kahawa. Kahawa na njaa."

Watu wakashusha pumzi. Nikaanza kuketi. Na Ndung'u, huyo Ndung'u, akasema kwa sauti, "Lakini si alisema amefunga?"

Basi nikawa nimeponea ulevi nikashikwa na uongo. Ikabidi nieleze yote, skani, mafuta kwa ini, chipsi, soda, chai ya sukari, na kadiri nilivyoeleza ndivyo niliona midomo ikianza kucheza. Mzee Karanja akauliza, "Ini la chai?" Akawaangalia wenzake. "Mimi nimekunywa chai tangu nizaliwe na ini langu liko tu." Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Hata Mama Shiru alicheka, na ni yeye alinifikisha hapo!

Dennis alikuwa amenisihi nisigombane na mtu. Niligombana na wote. Nikawaambia wacheke, lakini wajiulize kwa nini mwanamke ambaye hajawahi kuonja pombe anaona afadhali adanganye kwa jina la Mungu kuliko kusema ini lake linauma. Nikawaambia ni kwa sababu yao, wameskia tu neno ini na wakataka mdomo wangu. Wanaume wamejaa hapo na hakuna hata mmoja ameambiwa apanue mdomo, nikawaambia tuanze na mjomba kama anapenda harufu. Kicheko kikaisha. Mzee akavaa kofia yake, akasema, "Tumeskia. Tutaongea kama familia, tutawapigia." Na kila mtu anajua hayo maneno ni ya kusindikiza watu.

Tukatoka bila kula. Dennis alitangulia kwa gari, hakuniangalia. Mimi nikabaki nyuma natafuta leso nipanguse kifua, na Mama Faith akanifuata mpaka langoni, anaangalia nyuma, anaangalia tena.

"Mama Dennis," akasema kwa ile sauti ya chini. "Hiyo kahawa unanunua ya aina gani?"

Nilidhani ananicheka. Nikamwangalia vibaya. Halafu nikaona amejishika hapa, upande wa kulia, chini ya mbavu.

"Wewe pia?"

"Niliambiwa hospitali. Mafuta, kama yako." Akashusha sauti zaidi. "Sijamwambia hata Faith."

Mnadhani nilimkumbatia? Nilikasirika upya. Nilimwuliza alikuwa wapi, alikuwa amekaa pale na birika akiona mimi nanuswa kama maziwa yamelala, na neno moja tu lake lingeniokoa. Nilimwambia arudi ndani saa hiyo hiyo akaseme, la sivyo nitarudi mimi nikamsemee. Hakubishana. Alishika lango na mikono yote miwili na kuniambia, "Nikisema watanifanyia vile wamekufanyia."

Nikamwambia kahawa si kitu, aache sukari, aache kukaanga kila kitu, atembee, nikayasema yale yote niliyoyaacha kliniki kana kwamba ni mimi daktari, nikaingia gari. Dennis hakuniongelesha hadi Nakuru, na siku zilizofuata alikuwa anakula akiangalia sahani. Kicheko cha chumbani kikaisha. Mimi nilikaa kwa karai langu nikijua nimemwua kijana wangu akiwa hai, kwa sababu ya kikombe cha chai.

Halafu Mzee Karanja akapiga simu, mwenyewe. Anacheka. "Mama Dennis, tumeelewa, mambo ni sawa, watoto waendelee. Mama Faith ametueleza, kumbe hiyo kitu iko. Mkija tena tutakuwekea chai bila sukari." Nikasema asante mzee, asante sana mzee. Dennis aliniinua juu na uzito wangu wote, akazunguka na mimi, akanipigia kelele kwa sikio, na nililia kama mtoto.

Jioni hiyo nikampigia Mama Faith kumshukuru. Kwamba alipata nguvu ya kusema, na kwa mume wake, hiyo si kitu kidogo. Nikamwuliza mzee alisema nini alipomwambia.

Nikaskia mlango ukifungwa kule kwake.

"Kwanza aliweka kikombe chini," akaniambia. "Halafu akaniambia nifungue mdomo."

Miaka yote ambayo amempikia, amemzalia, amekaa naye kiti cha mbele kanisani. Nikamwuliza kama alifungua.

"Nilifungua. Ningefanya nini?"

Sasa harusi iko. Nitaenda, nitavaa kitenge, nitakaa meza moja na Mzee Karanja na nitamchekea kwa meno tu kwa sababu ya watoto. Sukari nimeacha kweli, chipsi nauza tu sionji, kahawa nakunywa kikombe cha asubuhi na mtu akiniuliza ninaumwa nini namwambia ini, na akiniangalia vibaya namwangalia vibaya zaidi. Na nimeapa mbele ya Mungu kwamba mdomo huu hautafunguliwa tena kunuswa na mtu yeyote, awe mzee wa kanisa, awe nani. Lakini hicho kiapo changu kinamsaidia nini Mama Faith?